Kumtumikia jirani mjini Goma: chagua mmoja, kisha urudi

Watu wa Goma, mashariki mwa Kongo, wanajua kutoa. Lava ya mlima wa volkano wa Nyiragongo iliposhuka Januari 2002 na kufunika katikati ya mji, kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu likiwemo, na mlima ulipopasuka tena usiku wa tarehe 22 Mei 2021, watu wengi walilala katika nyumba za watu wasiowajua na asubuhi wakapewa chai. Ni vile vile kila vita vinapowashusha watu kutoka maeneo ya jirani ya Masisi na Rutshuru: magari ya mashirika ya misaada hayajafika, tayari kuna mama aliyetandika mkeka sebuleni kwake.

Moyo upo, basi. Kinachotushinda ni wiki ya tatu. Siku ya msiba tunajaa, siku ya ziara ya askofu tunajaa, kisha kila mtu anarudi kwa biashara yake, na yule mama tuliyemletea unga kwa nyimbo anabaki na gunia tupu na aibu ya kuomba tena. Mwongozo huu ni wa Mkristo mwenye kazi, watoto na mfuko mwepesi, awe wa shirika la parokia (jumuiya ndogo ya Wakristo wa mtaa), awe wa kanisa la Kibaptisti la CBCA, awe wa lile la Kipentekoste la CEPAC, anayetaka imani yake ionekane kwa jirani hata siku isiyo na tukio.

Hatua ya kwanza: tembea kwenye avenyi yako, yaani mtaa wako, ukiwa umefumbua macho

Kabla ya kutoa chochote, chukua wiki moja uangalie tu. Ni nani anayeishi peke yake? Ni mlango gani ambao bidoni zake, yaani madumu ya maji, hushinda tupu nje? Ni mtoto gani anayezurura saa nne asubuhi wakati wenzake wako shuleni? Nani alikuwa haukosi mkutano wa shirika, na sasa hata jina lake halitajwi?

Wako watu wanaojua zaidi yako. Kiongozi wa nyumba kumi anajua nani ameingia na nani ametoka. Muuza makala, yaani mkaa, anajua siri nyingine: nani alikuwa ananunua gunia, akashuka kwa ndoo, na siku hizi anachukua kifuko kimoja cha jioni. Ongea naye kama jirani, usimgeuze kuwa mpelelezi. Na tafadhali, usipite nyumba kwa nyumba na daftari ukiandika majina na idadi ya watoto. Watu wa mji huu wameandikishwa vya kutosha. Ukitoa kalamu tu, wanajua kutakuwa na orodha, na kwa orodha watu wana majibu yao yaliyotayarishwa.

Ukishaona, chagua nyumba moja. Moja tu. Katika Matendo ya Mitume sura ya 6, manung'uniko ya kwanza katika Kanisa yalihusu chakula: wajane waliosema Kigiriki walikuwa wakisahauliwa katika mgao wa kila siku. Wajane wa wenyeji hawakusahauliwa. Waliosahauliwa ni wale ambao lugha yao haikuwa lugha ya wagawaji. Mitume hawakuwahubiria wenye njaa uvumilivu. Walisema wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, kazi ikapangwa. Sasa jiulize, kwenye avenyi yako, nani hasemi lugha ya wagawaji? Mara nyingi ni mpangaji mpya aliyekuja na vifurushi viwili, asiye wa kabila lako wala wa kanisa lako. Ukikosa pa kuanzia, anzia hapo.

Hatua ya pili: uliza, lakini usiulizie mlangoni

Bartimayo alikuwa kipofu mbele ya umati mzima. Hata hivyo Yezu alimwuliza: wataka nikufanyie nini? Kama Yeye aliuliza, wewe na mimi tusijifanye tunajua.

Shida ni kwamba ukisimama mlangoni useme, "Mama, mnahitaji nini?", utajibiwa "Hatujambo, Mungu yupo." Ni jibu la heshima, na mtu mwenye akili zake ndilo atakalokupa. Kaa kwanza. Pokea kiti, hata kama ni bidoni iliyogeuzwa. Ongea habari za siku, kisha uulize kuhusu kazi za nyumbani, maana shida hukaa ndani ya kazi. Kwa koko, yaani bibi au babu, huwa hivi:

"Siku hizi maji mnachota wapi, koko?"

"Kwa ziwa. Mjukuu akiwepo."

"Na asipokuwepo?"

"Nangojea."

Hapo umeshapata kazi yako. Hukumwuliza kama ni maskini, naye hakulazimika kusema kwamba ni maskini.

Wakati mwingine utakuta kinachohitajika hakina bei: mtu wa kumsomea karatasi ya dawa aliyoandikiwa na daktari, au wa kumsindikiza mama mzazi kwenye ofisi ya serikali kuandikisha mtoto, jambo ambalo sheria inaruhusu lifanyike bila malipo ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa, ila mwenye aibu ya kutojua kusoma huogopa meza za ofisi. Elimu ya msingi katika shule za serikali ni ya bure tangu mwaka wa masomo ulioanza Septemba 2019, lakini mtoto bado anarudishwa kwa sababu hana shati jeupe wala daftari. Shati moja linaweza kuwa huduma ya mwaka mzima.

Hatua ya tatu: ahidi kidogo, taja siku

Piga hesabu kwa uaminifu. Una saa ngapi kwa wiki ambazo watoto wako hawatakulilia? Una pesa kiasi gani ambazo zikitoka hutazitafuta usiku? Toa ndani ya hizo. Nimeona watu wazuri wakianza kwa kumpikia mgonjwa kila siku, na baada ya majuma mawili wanazunguka njia nyingine ili wasipite mbele ya mlango wake. Mara moja kwa wiki inatosha kabisa, mradi ije.

Msamaria wa Injili ya Luka alifunga majeraha, akalipa dinari mbili kwa mwenye nyumba ya wageni, akasema atakaporudi atamlipa kilichozidi. Kisha akaendelea na safari yake. Hilo la mwisho huwa halihubiriwi, nami nalipenda. Hakuacha biashara zake, hakuhamia pale. Alipanga, akaaga, akatoa neno la kurudi.

Kwa hiyo sema wazi: "Nitakuja Alhamisi saa kumi." Siku isiyowezekana, tuma mtoto au piga simu kabla ya saa kumi, kwa sababu mtu anayekungoja hataomba msaada kwingine siku hiyo. Na ziara ziwe mchana. Hali ya mji huu haimruhusu mtu kugonga milango ya watu usiku, hata akiwa na Biblia mkononi.

Maji

Nitakaa hapa kidogo, maana Goma ni mji uliokaa kando ya ziwa huku ukiwa na kiu. Tumejenga juu ya mwamba wa volkano: kuchimba kisima ni taabu, mabomba hayafiki kila kartie (kata ya mji), na lava ya 2021 ilikata hata sehemu ya mabomba yaliyokuwepo. Bidoni ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, na hizo kilo zinapandishwa juu ya mawe yanayokata ndala. Kijana anaona ni mazoezi. Mwenye miaka sabini anakunywa nusu kikombe ili maji yafike kesho.

Kama una chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, nyumbani, au kijana wako anaendesha moja, safari moja inabeba bidoni kadhaa. Mbili za kwenu, mbili za koko. Kama huna, changieni bei ya safari nyumba tatu au nne. Ukifika, usiache bidoni mlangoni na kuondoka. Mimina kwenye chombo anachotumia, kwa sababu hataweza kuinamisha kilo 20 peke yake. Sogeza chombo karibu na mahali anapopikia. Hakikisha kina kifuniko na kikombe chenye mkono cha kuchotea, ili vidole visiingie ndani.

Maji ya ziwa yasinywewe hivi hivi. Yachuje kwa kitambaa safi, kisha tia dawa ya klorini. Vidonge vinavyouzwa havifanani nguvu, basi soma karatasi yake: kile cha miligramu 67, kwa mfano, ni kwa lita 20 za maji yaliyo maangavu, na lazima usubiri dakika 30 kabla ya kunywa. Waeleze pia wajukuu, maana mara nyingi wao ndio wanaochota.

Kipindupindu hakijawahi kuusahau mji huu. Ukimkuta mtu anaharisha maji matupu, meupeupe, mfululizo, mpeleke kituo cha matibabu saa hiyo hiyo. Mkiwa njiani mnyweshe kidogo kidogo: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Nawa mikono kwa sabuni kila ukimgusa. Kumwombea ni vyema. Mwombee mkiwa njiani.

Hospitalini

Kwetu mgonjwa hulishwa na watu wake, na kuna mtu anayelala kando ya kitanda chake, chini, juu ya kitenge. Mtu huyo ndiye anayesahauliwa. Wageni wanamjia mgonjwa, wanamwekea mikono, wanaimba, wanaondoka. Dada yake amekaa siku tano bila kuoga. Ukitaka kumtumikia mgonjwa, mwambie dada yake: "Leo nenda nyumbani ulale, mimi nipo hadi asubuhi."

Kuhusu chakula, muulize muuguzi kwanza. Mwenye sukari na mwenye presha hawali kila kitu, na aliyepasuliwa pengine hajaruhusiwa kula kabisa. Leta chakula kwenye sufuria yenye kifuniko, na kijiko, na sabuni ya kuoshea vyombo, na maji ya kunywa. Maombi yawe mafupi na kwa sauti ya chini. Kuna wengine chumbani, mmoja wao labda ni Mwislamu na mwingine ana kichwa kinachouma.

Kisha kuna deni. Mgonjwa amepona, mama amejifungua salama, lakini hatoki kwa sababu hajalipa. Msikimbilie kuchanga bila kujua kiasi. Mtu mmoja aombe kuiona fakitire, yaani bili, aulize kama hospitali ina ofisi ya kuwasaidia wasio na uwezo, aulize kama deni linaweza kupunguzwa au kulipwa kwa mafungu. Mnacholipa kilipwe kwenye kasha la hospitali, yaani dirisha la malipo, mpewe risiti yenye jina la mgonjwa, na risiti abaki nayo mgonjwa mwenyewe.

Jambo moja halingojei wiki wala shirika. Mwanamke au msichana akikuambia kwamba amebakwa, amini, usimhoji, usimwache apitie kwanza kwa wazee wa familia ili "wakae wazungumze". Msindikize hospitali upesi, kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi hufanya kazi ndani ya muda huo tu. Na hata muda ukishapita, apelekwe, kuna matibabu mengine. Hospitali ya Heal Africa hapa Goma inapokea watu wa namna hiyo, na Bukavu iko hospitali ya Panzi ya daktari Mukwege. Kisha funga mdomo. Usilipeleke hata kwenye nia za maombi, maana "tumwombee dada yetu mmoja wa avenyi hii" inatosha kumtaja.

Kilio

Siku za kilio hatuhitaji mwongozo. Viti vinapatikana, kahawa inachemka, daftari la michango linazunguka. Andika tu kwenye kalenda yako tarehe ya mwezi wa pili baada ya maziko. Hapo ndipo mwenye nyumba anakuja kudai kodi kwa mjane, na ndugu za marehemu wanaanza kuuliza habari za kiwanja. Nenda siku hiyo. Kama kuna mwanasheria katika parokia, nenda naye.

Kazi yako ya kila siku

Wengine wanafikiri huduma huanza saa kumi jioni wakishatoka kazini. Mtu wa kwanza ambaye Goma inaweza kumtaja kwa jambo hili ni Floribert Bwana Chui. Alizaliwa hapa mwaka 1981, akafanya kazi katika OCC, ofisi inayokagua bidhaa zinazoingia nchini. Pamoja na wenzake wa jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio alikuwa akiwafundisha mayibobo, watoto wa mitaani, katika Shule ya Amani. Kazini kwake alipewa hongo ili mchele ulioharibika upite mpakani uende kuuzwa. Alikataa. Julai 2007 alitekwa akauawa, akiwa na miaka 26, na tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza mwenye heri mjini Roma.

Sisemi kila mtu atafika huko. Nasema watoto ambao wangeula ule mchele hawakumjua, na yeye hakuwajua, na bado aliwatumikia akiwa ameketi kwenye meza ya ofisi. Basi wewe unayeuza maharagi, kopo lako la kupimia lisiwe na kitako kilichogongwa kuingia ndani. Wewe mwendesha pikipiki, bei ya mgonjwa saa sita usiku isiwe mara nne. Wewe mwalimu, alama za mtoto zisitegemee bahasha ya mzazi. Muuguzi, amka unapoitwa. Ukipeleka kikapu cha chakula kwa maskini Jumamosi kutokana na pesa uliyompunja Jumatatu, umemrudishia chake, tena si chote.

Pesa, simu na midomo

Vita vilipoingia mjini na benki zikafunga milango mwanzoni mwa 2025, hata wenye mshahara walibaki bila noti mkononi, na shirika zilizotegemea michango ya pesa zikakwama. Zilizokuwa zikikusanya vitu ziliendelea. Utaratibu ni rahisi: kila nyumba inayokuja kwenye sala ya wiki inaleta kopo moja, la maharagi, la unga au la mchele, linamiminwa kwenye ndoo moja yenye kifuniko. Hakuna anayejua nani ameleta lipi, na asiye na kitu anakuja mikono mitupu bila kuulizwa. Nyumba kumi na mbili, makopo kumi na mawili. Familia moja inakula siku kadhaa. Nyumba inayopokea wiki hii inaweza kuwa ile iliyoleta wiki iliyopita, na ni vizuri iwe hivyo.

Pesa zikiwepo, wazishike watu wawili wasio wa familia moja: mmoja kasha, mwingine ufunguo, na hesabu isomwe mbele ya wote kila mwezi. Yuda ndiye aliyekuwa akishika mfuko wa mitume, na kundi lile lilikuwa takatifu kuliko shirika letu.

Nendeni wawili wawili, kama Yezu alivyowatuma. Mwanamume asiingie peke yake kwa mjane, na mtu mzima asijifungie na mtoto wa mtu, hata kwa sababu nzuri namna gani. Simu ibaki mfukoni: hakuna picha ya mtu akipokea unga, hata kwenye status, hata ukificha macho yake, maana kitenge chake kinajulikana na mtaa mzima. Na usimwulize mtu yuko upande wa nani. Katika mji uliobadilisha mabwana, swali hilo linamfunga mdomo aliyeulizwa na kumweka hatarini aliyeuliza.

Utakapokataliwa, na utakapohama

Wengine watakataa. Atakayekataa unga pengine hataki unga wa kanisa lako. Msalimie Alhamisi ijayo kama kawaida na usitaje unga. Mwingine atapokea na hatakuja kusali kamwe. Mpelekee tu. Mkono unaotoa ukiwa na sharti la ubatizo, watu huuona kabla hujafungua mdomo. Yupo pia anayeomba zaidi kila ukija: mwambie kwa upole kile mlichokubaliana, na kama shida mpya ni ya kweli, ipeleke kwenye shirika badala ya kuibeba peke yako hadi uchoke.

Siku moja wewe ndiye utakayeugua, na yule uliyekuwa unambebea maji atakuja na ndizi mbili. Zipokee, uzile mbele yake.

Na kwa kuwa Goma ni mji wa watu wanaohama, mtafute mapema atakayeshika nafasi yako. Nenda naye kwa wiki kadhaa kabla hujaondoka, umtambulishe kwa jina, umwonyeshe bidoni zinapowekwa, mlango upi wa kubisha na saa ambayo mjukuu anarudi. Daftari la huduma libaki kwa shirika. Ndani yake kuwe na siku, kazi na jina la anayehudumu tu. Magonjwa ya watu, madeni yao na sehemu walizotoka visiandikwe popote.